Mikanda kwanza, kioo baadaye: tathmini ya monita za presha kwa watoto, Mombasa

Ukiingia duka la vifaa vya hospitali hapa mjini ukaulizia monita ya mgonjwa, utaonyeshwa ile ya vipimo sita: kioo cha rangi, betri ndani, nyaya za moyo, sensa ya oksijeni ya kidoleni, waya wa joto, na mpira wa presha ulioshikizwa mkanda mmoja wa kufunga mkononi. Hesabu hiyo ya vipimo sita ina ujanja wa kibiashara kidogo, maana mapigo ya moyo yamehesabiwa mara mbili, mara kwa nyaya za kifuani na mara kwa kidole. Lakini si uongo, na kwa mtu mzima aliyetoka thieta mashine hizi zinafanya kazi yake bila matata. Sisi tunazipima kwa kazi ngumu zaidi: mtoto ambaye moyo wake ulisimama, ukarudishwa kwa kukandamizwa kifua, na sasa yuko kitandani na presha ambayo wakati wowote inaweza kuporomoka.

Kwa kazi hiyo monita inapata nyota nne kati ya tano. Kilichomo ndani ya sanduku lake kinapata moja. Mkanda unaokuja nayo kwa kawaida ni wa mkono wenye mzunguko wa sentimita 25 hadi 35. Mtoto wa miaka miwili mwenye afya ana mkono wa sentimita 15 hivi. Umelipia mashine nzima, na kwa mgonjwa huyu huna kipimo.

Moyo wa mtoto mara nyingi hausimami wenyewe ghafla kama wa mzee mwenye mishipa iliyoziba. Husimama kwa sababu pumzi ilikatika au mzunguko wa damu ulishindwa: nimonia kali, kuhara hadi mwili kukauka, maambukizi ya damu, kuzama baharini. Ukirudi unarudi umechoka. Msuli wake hupiga kwa unyonge kwa saa kadhaa, mishipa hulegea, na ubongo uliokaa bila oksijeni unakuwa umepoteza sehemu ya uwezo wake wa kujisawazishia damu presha inapopanda na kushuka. Presha ikianguka wakati huo, ubongo unapigwa mara ya pili. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2014 uliwafuatilia watoto waliorudishwa moyo na kukuta kwamba zaidi ya nusu yao presha ilishuka kupita kiasi ndani ya saa 6 za kwanza, na waliokumbwa na hilo walikufa kwa wingi zaidi. Ni uhusiano tu, si uthibitisho kwamba kuipandisha presha kunaokoa. Mtoto aliyeumia zaidi ndiye pia ambaye presha yake inashuka zaidi. Hata hivyo uhusiano huo umejirudia kiasi cha kubadilisha miongozo. Mwongozo wa Shirika la Moyo la Marekani wa 2020 ulitaka namba ya juu ya presha ikae juu ya pasentaili ya 5 ya umri wa mtoto, yaani ule mstari ambao watoto 5 tu kati ya 100 wazima wa rika lake wako chini yake. Ule wa 2025 umepandisha mstari hadi pasentaili ya 10, na sasa unataja presha ya wastani pamoja na namba ya juu.

Kwa kichwa, bila jedwali, mstari wa pasentaili ya 5 kwa namba ya juu unakumbukwa hivi, kwa mmHg (milimita za zebaki, kizio cha presha): mchanga wa chini ya siku 28 ni 60, wa mwezi 1 hadi 12 ni 70, wa mwaka 1 hadi 10 ni 70 ukijumlisha umri mara mbili, kuanzia hapo ni 90. Presha ya wastani ni 40 ukijumlisha umri mara moja na nusu. Mtoto wa miaka minne basi sakafu yake ni 78 kwa namba ya juu na 46 kwa wastani. Mstari mpya uko juu ya hapo, kwa hiyo anayeweka alamu kwenye sakafu yenyewe amechelewa. Jedwali la pasentaili libandikwe ukutani kando ya monita, lisikae kwenye simu ya daktari aliye nyumbani.

Kuna mtego wa adrenalini, dawa ya kuchochea moyo, unaostahili kutajwa kabla hatujafika kwenye mikanda. Wakati wa kufufua, mtoto hupewa mikrogramu 10 kwa kila kilo, yaani mililita 0.1 kwa kilo ya ile iliyozimuliwa 1 kwa 10,000, na hurudiwa kila dakika 3 hadi 5. Nguvu yake huisha ndani ya dakika chache. Kipimo kizuri unachokipata mara tu moyo unaporudi ni presha ya kuazima. Anayepima mara moja, akaandika 95 kwa 60 kwenye faili na kwenda kupiga simu ya ambulensi, ataikuta robo saa baadaye iko pengine kabisa. Kwa hiyo jambo la kwanza la kuangalia dukani kwenye menyu ya monita ni kama inaweza kupima yenyewe kila dakika 3 na kila dakika 5. Karibu zote zinaweza. Wengi huziacha kwenye dakika 15 au 30 zilizotoka nazo kiwandani.

Sasa mikanda, ambako ndiko pesa zinakopotea.

Ndani ya mkanda kuna mfuko wa hewa, na ni vipimo vya mfuko vinavyohesabika, si vya kitambaa. Upana wa mfuko uwe angalau asilimia 40 ya mzunguko wa mkono katikati ya bega na kiwiko. Urefu wake uzunguke asilimia 80 hadi 100 ya mkono huo. Kwa mkono wa sentimita 15, upana ni sentimita 6 na urefu ni kati ya 12 na 15. Mkanda mdogo kuliko mkono huinua namba. Mkubwa kuliko mkono huishusha. Katika kliniki ya presha ya kupanda, kosa la mkanda mdogo linamwanzishia mtu dawa asizohitaji. Kwa mtoto wetu kosa hilohilo ni baya zaidi kwa upande wa pili, maana kioo kitaandika 84 huku ukweli uko chini ya 78, na kila mtu chumbani atavuta pumzi.

Mkanda mkubwa nao una gharama yake, na watu wa Pwani tuna sababu ya kuijua. Jaribio la FEAST, lililochapishwa mwaka 2011 na kuendeshwa Kenya, Uganda na Tanzania, Kilifi kikiwa kimojawapo cha vituo vyake, lilikuta kwamba watoto wenye homa kali na dalili za mzunguko mbovu wa damu waliopewa maji ya haraka ya mshipa walikufa zaidi kuliko wasiopewa: takriban asilimia 10.5 dhidi ya 7.3 ndani ya saa 48. Wale hawakuwa watoto waliotoka kurudishwa moyo, na walio na presha ya chini sana waliwekwa kundi la pembeni, kwa hiyo matokeo hayahamishwi moja kwa moja. Lakini namba ya uongo iliyo chini humfanya mtu afungue dripu, na moyo uliochoka hauhitaji maji ya ziada kwa sababu mkanda ulikuwa wa kaka yake.

Maandishi ya "Infant" na "Child" juu ya mkanda yapuuze. Soma sentimita. Umri hudanganya, hasa pale mtoto wa miaka mitatu mwenye utapiamlo anapokuwa na mkono wa sentimita 11. Na kifaa cha kupimia tayari unacho: tepu ya MUAC, ileile ya lishe yenye nyekundu, manjano na kijani, inayopatikana hadi kwenye dispensari ndogo. Inapima mahali hasa ambapo mkanda unakaa. Ipitishe mkononi, soma namba, chagua mkanda. Haichukui nusu dakika. Kisha funga na uangalie mistari iliyochapishwa upande wa ndani: ule mstari wa pembeni ukiangukia nje ya sehemu iliyowekewa alama, badilisha mkanda hata kama velkro imeshika vizuri.

Kwa wachanga na wadogo sana kuna mikanda ya kutumia mara moja ya saizi tano zinazofuatana: nambari 1 kwa mkono wa sentimita 3 hadi 6, nambari 2 kwa 4 hadi 8, nambari 3 kwa 6 hadi 11, nambari 4 kwa 7 hadi 13, nambari 5 kwa 8 hadi 15. Baada ya hapo unaingia kwenye mikanda ya kudumu, mmoja wa mtoto mdogo, mmoja wa mtoto mkubwa, na mmoja wa mtu mzima mwembamba, na hapa kila kiwanda kina mipaka yake, kwa hiyo panga sentimita zisiache pengo katikati. Nafasi inayoachwa wazi mara nyingi ni kati ya sentimita 13 na 18, ambamo wamo watoto wengi wa mwaka mmoja hadi mitano. Ukimwambia muuzaji hivyo, usishangae akikujibu, "Dada, chukua hii ya universal, inaingia kwa wote." Hakuna mkanda unaoingia kwa wote.

Angalia pia viungio. Kuna mikanda ya mpira mmoja na ya mipira miwili, na vichwa vyake havikubaliani. Mkanda mzuri usioingia kwenye monita yako ni kitambaa tu. Baadhi ya mikanda ya wachanga ina kichwa cha luer, kile kile cha sindano na dripu. Hicho ni hatari inayojulikana: mpira wa presha ukichomekwa kwa bahati mbaya kwenye mshipa, mashine itasukuma hewa ndani ya damu. Ndiyo sababu kukawekwa kiwango cha ISO 80369-5, chenye kiungio cha mikanda kisichoweza kuingia kwenye dripu. Ukipata chaguo, chukua vyenye kiungio hicho. Usipopata, mpira wa presha ufungwe utepe wa rangi moja wodi nzima na upite upande wa kitanda usio na dripu.

Tukirudi kwenye monita yenyewe, inapowashwa angalia kona ya juu ya kioo: "Adu" (mtu mzima), "Ped" (mtoto) au "Neo" (mchanga). Hizo herufi si mapambo. Katika "Neo" mashine hairuhusiwi kusukuma zaidi ya 150 mmHg. Katika "Adu" inaweza kufika 300. Mkono wa mtoto mchanga chini ya hali ya mtu mzima unaminywa bure, na hesabu inayotumika si yake. Kosa la kinyume lipo pia: mtoto wa miaka minane akiachwa kwenye "Neo", mashine inaweza kushindwa kufika juu ya presha yake na kukataa kusoma. Zipo monita ambazo umeme ukikatika na kurudi huwaka zikiwa "Adu" bila kumwambia mtu. Jaribu hilo dukani: weka "Ped", zima, chomoa, washa, tazama imerudi wapi. Angalia na mipaka ya alamu inarudi wapi. Mpaka wa mtu mzima wa 90 kwa mtoto wa mwaka mmoja utalia mchana kutwa, mtu ataizima sauti, na siku inayolia kwa haki hakuna atakayesikia.

Jinsi inavyopima ina maana kwa jinsi unavyoisoma. Mashine hizi hazisikii mapigo kama stetoskopu. Zinahisi mtikisiko wa hewa ndani ya mkanda wakati hewa inatoka kidogo kidogo; pale mtikisiko unapokuwa mkubwa kuliko kote ndipo ilipo presha ya wastani, na namba ya juu na ya chini zinapigwa hesabu kwa kanuni ambayo kila kiwanda kina yake. Kwa hiyo namba ya mabano, yaani hiyo ya wastani ambayo wengi hawaiandiki kwenye chati, ndiyo iliyo karibu zaidi na kilichopimwa kweli. Iandike. Presha inapokuwa chini sana, mashine za aina hii huelekea kusoma juu kuliko ukweli uliomo ndani ya mshipa, yaani zinakosea kwa upande uleule wa mkanda mdogo. Degedege, kutetemeka, mapigo yasiyo na mpangilio na mtikisiko wa gari barabarani, vyote huzichanganya. Mtoto aliyetolewa majini pale ufuo wa Pirates, mikono baridi na mishipa imejibana, anaweza kuifanya mashine ijaze na kutoa mara tatu bila jibu. Wengi husema mashine mbovu. Chukulia ni presha iliyo mbovu mpaka uhakikishe kwa njia nyingine: miguu na mikono baridi, rangi ya kidole kurudi kwa zaidi ya sekunde 3 baada ya kubonyezwa, mapigo dhaifu ya kasi. Waliopita ETAT+, mafunzo ya kuhudumia watoto wa dharura, wanazijua dalili hizo, na hazihitaji betri.

Makosa ya kufunga ni machache lakini yanajirudia kila wodi. Mkanda ukiwa mkono mmoja na sensa ya oksijeni, kila kipimo huzima usomaji wa oksijeni na alamu hulia bure. Mkanda ukiwa juu ya mkono wenye dripu ya adrenalini ni balaa: ukijaa unaziba dawa, presha inashuka, ukilegea ile dawa iliyokwama inaingia kwa mkupuo, presha inaruka. Chati itaonyesha milima na mabonde na daktari atabadilisha kipimo cha dawa kwa tatizo la mkanda. Mkono ukining'inia sentimita 10 chini ya usawa wa moyo, namba inapanda kwa 7 hivi. Hali ya kupima bila kupumzika, kipimo juu ya kipimo kwa dakika tano nzima, ni ya dharura tu. Ikirudiwarudiwa, mkono wa mtoto utapata vidoadoa vya damu na kuvimba.

Jaribio la uvujaji fanya hapo hapo kaunta, kabla ya kulipa. Vuta mkanda kuzunguka chupa ngumu au kipande cha bomba kinachouenea, ingia menyu ya kupima uvujaji, acha ijaze. Kwa mashine inayojaza yenyewe, kushuka kusizidi 6 mmHg kwa dakika. Kwa ile ya kupampu kwa mkono, 4. Muuzaji akisema menyu hiyo imefungwa kwa nywila, mwombe nywila. Utaihitaji kila mwaka. Usahihi unaokubalika ni ndani ya 3 mmHg, na hapa fundi wa vifaa vya hospitali lazima aelekezwe. Mazoea ni kulinganisha kwenye 100, 150 na 200. Mtoto wetu anaishi kati ya 40 na 80. Mwambie alinganishe kwenye 40, 60 na 80 pia na aandike majibu kwenye stika.

Mashine ndogo za kidijitali za nyumbani, za mkono wa juu au za kifundo cha mkono, kwa kazi hii hazifai kabisa. Zimetengenezwa kwa watu wazima. Tusipoteze muda.

Ile ya kupampu kwa mkono, yenye saa ya sindano na balbu ya mpira, ndiyo tungeichukua kama bajeti inatosha kitu kimoja tu, mradi inunuliwe na mikanda ya watoto ya kubadilisha. Haina betri na haina menyu. Udhaifu wake ni masikio: presha ikiwa chini sana sauti hazisikiki kwa stetoskopu kwenye mkono mdogo. Dawa yake ni dopla ya mkononi, kifaa kidogo kinachosikiliza damu ikipita mshipani. Weka jeli juu ya mshipa wa kifundo cha mkono, tafuta sauti ya mapigo, jaza mkanda mpaka sauti ipotee na uongeze 20 hadi 30, kisha toa hewa kwa 2 hadi 3 mmHg kwa sekunde. Sauti inaporudi, soma saa: hiyo ndiyo namba ya juu. Namba ya chini hutaipata kwa njia hii, lakini kwa saa za kwanza namba ya juu inayoaminika ni bora kuliko tatu za kubahatisha. Muuzaji atakupa dopla ya wajawazito kwa sababu ndiyo iliyo rafuni. Hiyo ina megahezi 2 au 3, inatazama mbali ndani ya tumbo. Ya mshipa wa juujuu ni megahezi 8, yenye ncha kama kalamu. Na sindano ya saa kukaa sifuri si ushahidi kwamba saa ni sahihi. Sindano iliyopinda hukaa sifuri vizuri sana.

Kipimo cha kweli kwa mtoto aliyerudishwa moyo ni kile cha ndani ya mshipa, kinachosoma kila pigo. Hicho ni cha ICU na cha mikono iliyofunzwa. Kwa anayenunua, mambo matatu: tundu la presha ya ndani kwenye monita za vipimo sita mara nyingi ni nyongeza ya kulipia; kebo lazima ilingane na aina ya transdusa (kihisi cha presha kinachounganishwa na mpira wa mshipani) unayoweza kuipata tena, si ile iliyokuja kwenye sanduku tu; na ule mfuko wa kubana hadi 300 mmHg maji ya kuzuia mpira wa mshipani usizibe hupitisha kama mililita 3 kwa saa, ambayo kwa mchanga wa kilo tatu ni maji mengi kwa siku, kwa hiyo panga pampu ya sindano ya mililita 1 kwa saa. Transdusa iwekwe sifuri kwenye usawa wa moyo, na isawazishwe tena kila kitanda kinapoinuliwa.

Mombasa ina mambo yake. Chumvi ya hewani hula vichwa vya chuma na pini za kebo, na mifuko ya mpira wa kawaida hunata yenyewe kwa joto ikikaa droo moja mwaka mzima. Tafuta mikanda isiyo na mfuko wa kutoa, iliyoungwa kwa moto kipande kimoja. Isifutwe kwa jiki kali, velkro itakufa na vichwa vitapata kutu. Kitambaa chenye spiriti ya asilimia 70 kinatosha, na mdomo wa mpira uzibwe maji yasiingie. Betri nayo isiaminiwe kwa maneno ya katalogi. Saa zinazotajwa huhesabiwa kwa kupima presha mara chache, na pampu ya presha ndiyo inayokula umeme. Mtoto anayehamishwa kutoka Likoni kuja kisiwani, na kusubiri feri kumo ndani ya safari, anapimwa kila dakika 3. Jaribu betri kwa mpangilio huo huo kabla ya kuiweka kwenye ambulensi, na saa na balbu ipande gari pamoja nayo, kwa sababu mtikisiko wa njiani utaikatisha tamaa monita hata ikiwa na chaji.

Jambo moja la mtandao. Januari 2025 mamlaka za Marekani, FDA ya dawa na vifaa vya tiba na CISA ya usalama wa mtandao, zilitoa tahadhari kwamba monita za Contec CMS8000 zina mlango wa nyuma, yaani njia ya siri ya kuingilia, kwenye programu yake na zinaweza kutuma taarifa za wagonjwa nje zikiunganishwa intaneti. Ushauri ulikuwa kuchomoa waya wa mtandao na kuzima wi-fi, au kuacha kuzitumia kama haiwezekani. Hapa wengi hawaziunganishi popote, na kwa hao hatari hiyo ni ndogo. Lakini mashine hizo ziliuzwa hata kwa majina mengine, kwa hiyo soma kibandiko cha nyuma, si jina la mbele.

Oda iandikwe kwa sentimita. "Mikanda ya watoto, seti 1" itakuletea chochote. Andika: mikanda ya mkono wa sentimita 3 hadi 15 ya kutumia mara moja, saizi zote tano, kumi kumi, mikanda ya kudumu inayofunika 13 hadi 27 bila pengo, miwili ya kila saizi, aina ya kiungio na idadi ya mipira, mpira mmoja wa akiba wa kuunganishia, namba ya usajili wa kifaa kutoka Bodi ya Famasia na Sumu. Mzigo ukifika, kila saizi ichomekwe kwenye monita yenyewe na ijazwe mara moja kwenye chupa kabla mtu hajatia sahihi hati ya kupokea.